Gabriel Fauré: alikuwa mpiga piano wa majukwaani au mpiga kinanda wa kanisani?

Kinanda_Nkuhungu

Habari za jioni wakuu, na shikamooni mnaostahili.

Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya hapa Dodoma mjini, upande wa Nkuhungu. Mwalimu wetu ameleta nota za Mfaransa mmoja, Gabriel Fauré. Wimbo mmoja ni Cantique de Jean Racine, mwingine ni Pie Jesu kutoka kwenye Misa yake ya Wafu. Anataka viwe tayari tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote. Sisi wengine tumekulia kwenye solfa, doh ni G, doh ni F, mambo yanaisha. Hapa nimekutana na flati tano na mkono wa kulia unaotembea kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kupumzika.

Lakini kilichonileta hasa ni ubishi. Baada ya mazoezi ya Jumamosi tulibishana mpaka mlinzi akaanza kuzima taa. Mwalimu anasema Fauré alikuwa mpiga piano mkubwa wa kumbi za Paris. Katibu anasema hapana, alikuwa padre, ndiyo maana kaandika misa. Besi mmoja akadai amesoma kuwa alifukuzwa kanisani kwa utovu wa nidhamu. Mimi sikutia neno, nilikuwa nakunja nyaya za spika.

Sasa nisaidieni. Alikuwa nani huyu mtu, na alikula kwa kazi gani? Na mbona misa yake ya wafu haitishi? Ile sehemu ya mwisho nimeisikiliza kwenye simu mpaka bando likakata, na kila nikiisikia ni kama mtu anabembelezwa alale. Halafu kama kuna nyimbo zake za piano ambazo mtu wa kibodi ya vitufe 61 anaweza kuanza nazo, naomba mnitajie.

Mtoto_wa_Chamwino

Mnahangaika na Wafaransa wakati huku Chamwino wazee wanaimba sauti nne, tano, bila karatasi wala mwalimu wa kuwapigia meza. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, kazunguka dunia na ilimba yake, ile marimba ya vidole, wazungu wakakaa kimya kumsikiliza. Novemba 2 pelekeni zeze kanisani muone kama kuna mtu atasinzia.

Kuhusu huyo Fauré simjui, ila nitafuatilia.

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa

Mbukwenyi wana Dodoma. Kijana wa Nkuhungu, marahaba. Mimi nimepiga kinanda tangu kile cha kukanyaga kwa miguu, kwa hiyo habari za huyu bwana nazifuatilia miaka mingi. Katibu wenu kakosa kabisa: Fauré alioa mwaka 1883, akamwoa Marie Fremiet, binti wa mchonga sanamu, wakapata watoto wawili wa kiume. Mwalimu kakosa nusu. Besi ndiye aliyekaribia ukweli.

Alizaliwa Pamiers, kusini mwa Ufaransa, tarehe 12 Mei 1845, kitindamimba wa watoto sita. Baba yake alikuwa mwalimu, na mwaka 1849 akapewa chuo cha ualimu karibu na mji wa Foix. Chuoni hapo palikuwa na kanisa dogo lenye harmoniamu, kinanda cha kukanyaga, na mtoto akipata mwanya tu anakimbilia humo kubonyeza. Alikuwepo bibi mmoja kipofu aliyekuja kumsikiliza na kumwelekeza, na ndiye aliyemwendea baba mtu akamwambia mwanao ana kipaji. Naomba hili walisikie wale wa kwaya wanaowafokea watoto wakigusa kibodi baada ya misa.

Mwaka 1854, akiwa na miaka 9, baba yake alimpeleka Paris, safari ya siku tatu, akamwacha kwenye shule ya Niedermeyer. Askofu wa jimbo la kwao alisaidia kwenye ada. Shule yenyewe ilikuwa ya kufundisha wapiga vinanda na waongoza kwaya wa makanisa. Haikuanzishwa kutoa nyota. Alikaa humo miaka 11. Niedermeyer alipofariki mwaka 1861, somo la piano likachukuliwa na Camille Saint-Saëns, kijana wa miaka 25. Huyu alikuwa akimaliza kipindi anakaa mwenyewe kwenye piano na kuwapigia Schumann, Liszt na Wagner, vitu ambavyo mtaala wa shule haukuvijua. Wakawa marafiki mpaka Saint-Saëns alipofariki mwaka 1921.

Hiyo Cantique inayowatoa jasho aliiandika hapo hapo shuleni akiwa na miaka 19, na mwaka 1865 ikampatia zawadi ya kwanza ya utunzi. Maneno ni ya Jean Racine, mshairi wa karne ya 17, aliyeutia kwenye Kifaransa utenzi wa Kilatini wa sala za alfajiri. Kwa hiyo mnachoimba ni kazi ya mwanafunzi wa bweni.

Sasa habari ya kufukuzwa. Mwaka 1866 alipata ajira yake ya kwanza, mpiga kinanda wa kanisa la Saint-Sauveur huko Rennes. Mji ulimchosha, paroko alimtilia shaka tangu mwanzo, na yeye hakumsaidia paroko kubadili mawazo. Mahubiri yakianza, anatoka nje kuvuta sigara. (Siku hizi wenzetu hutoka na simu. Nimewaona.) Mwanzoni mwa mwaka 1870 alikwenda dansi usiku kucha, asubuhi akaja kupiga misa ya Jumapili akiwa bado na nguo za dansi. Akaombwa ajiuzulu, kwa adabu, lakini maana yake mnaielewa.

Mwaka huo huo vita vya Ufaransa na Prussia vikaanza, akajiunga na jeshi, akarudi na nishani. Baadaye akafanya kazi chini ya Widor, mpiga kinanda wa kanisa la Saint-Sulpice huko Paris, na kuanzia mwaka 1874 akawa anamshikia Saint-Saëns nafasi kwenye kanisa la Madeleine kila Saint-Saëns anaposafiri, na yule bwana alikuwa msafiri kwelikweli. Mwaka 1877 akawa mwalimu wa kwaya hapo Madeleine. Kinanda kikubwa chenyewe hakukikalia rasmi mpaka mwaka 1896, akiwa na miaka 51. Hesabu mwenyewe ni muda gani aliwaongoza watoto kuimba huku mwingine akiwa juu kwenye mabomba.

Na ndivyo alivyokula, kijana. Asubuhi kanisani, mchana kuzunguka kufundisha piano na harmonia kwa watoto wa wenye nacho, jioni amechoka. Kutunga alitunga zaidi likizo za kiangazi. Nyimbo zake alimuuzia mchapishaji moja kwa moja na haki zote, hela ya mara moja, basi. Kazi ya kanisa aliiita kazi ya kujikimu tu, hakuificha. Nafuu ilianza mwaka 1892 alipoteuliwa mkaguzi wa vyuo vya muziki vya mikoani. Hapo akaachana na wanafunzi wa kujifurahisha, na safari za treni akazitumia kutunga.

Mwaka huo huo wa 1892 nafasi ya kufundisha utunzi ilitokea Conservatoire ya Paris, mkuu wa chuo Ambroise Thomas akaapa kwamba Fauré akiingia yeye anaondoka. Kosa lake? Alikuwa wa kisasa mno, na hakusoma hapo. Thomas akafariki 1896, Fauré akaingia. Darasani kwake wakapita Ravel, Enescu, Koechlin na Nadia Boulanger. Mwaka 1905 Ravel, ambaye tayari alikuwa na jina, akaenguliwa mapema kwenye shindano la Prix de Rome, magazeti yakachachamaa, mkuu wa chuo akang'oka, na serikali ikampa ukuu huyo huyo mpiga kinanda wa kanisani. Akaanza kuleta watahiniwa wa mitihani kutoka nje ili walimu wasiwapendelee wanafunzi wao. Wakampachika jina la Robespierre, yule mwanamapinduzi wa Ufaransa aliyepeleka wengi kukatwa vichwa.

Kwenye piano alikuwa mzuri, hilo nampa mwalimu wenu. Alitumia mikono yote miwili sawasawa, na ukizipiga nyimbo zake utaona mkono wa kushoto haupewi kazi ya kusindikiza tu. Lakini wapiga piano wa mbwembwe hakuwapenda. Inasimuliwa kwamba alimpelekea Liszt utunzi wake wa Ballade, Liszt akapiga kurasa chache, akaacha, akisema ni ngumu. Fikiria, Liszt!

Soprano_wa_Area_C

Mwalimu shikamoo. Asante kwa darasa. Mimi Pie Jesu nimeiimba mazishini, Kilatini chake kinatukaa mdomoni kuliko Kifaransa cha ile Cantique. Nota haziendi juu sana, watu wakiona karatasi wanadhani ni ya wanaoanza. Shughuli iko kwenye pumzi. Sentensi ni ndefu, kinanda kinasikika kwa mbali tu, na msiba uko mbele yako. Dada yeyote atakayepewa hiyo aanze mazoezi ya pumzi sasa hivi, asingoje Oktoba.

Swali: ni kweli iliandikwa kwa mtoto wa kiume?

Mtoto_wa_Chamwino

Mwalimu, heshima yako. Lakini nimekwama hapo uliposema kazi ya kanisa aliiita ya kujikimu. Mtu anavuta sigara wakati wa mahubiri, anakuja na nguo za dansi, halafu ndiyo tumwimbe siku ya marehemu? Misa aliandika kwa imani gani?

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa

Binti wa Area C, marahaba. Ndiyo, ni mtoto wa kiume. Madeleine ya wakati ule haikuruhusu wanawake kwenye kwaya, soprano na alto zote walikuwa wavulana. Aliyeimba Pie Jesu mara ya kwanza aliitwa Louis Aubert, naye alipokua akawa mtunzi. Ushauri wako wa pumzi waubandike ukutani.

Mtoto wa Chamwino, swali lako ni zuri, usidhani nimeudhika. Baba yake Fauré alifariki mwaka 1885, mama yake tarehe 31 Desemba 1887. Wengi husema misa aliwaandikia wao. Yeye alisema hakumwandikia mtu, aliiandika kwa kupenda tu, na kazi alishaianza kabla mama hajafariki. Ikapigwa mara ya kwanza tarehe 16 Januari 1888 hapo hapo Madeleine, kwenye mazishi ya msanifu majengo aliyeitwa Lesoufaché. Yaani hapakuwa na tamasha wala tangazo. Ilikuwa siku ya kazi ya kawaida, jeneza mbele, kwaya mahali pake.

Misa ilipoisha padre akamwita sakristia, akamuuliza ile misa ni ya nani. Yangu, akasema Fauré. Padre akamjibu kwamba Madeleine ina nyimbo za kutosha, mambo mapya haya hayahitajiki. Mwalimu yeyote wa kwaya anayesoma hapa amewahi kujibiwa hivyo na mtu.

Ilikuwa na sehemu tano tu siku hiyo, na vyombo vichache vya nyuzi za sauti ya chini, kinubi, ngoma na kinanda. Violini ilikuwa moja, na ilisikika kwenye Sanctus tu. Baadaye akaongeza Offertoire na Libera me, ambayo alikuwa ameiandika mwaka 1877 kwa sauti moja ya baritoni na kinanda. Ile yenye okestra kamili mnayoisikia kwenye YouTube ni ya mwaka 1900.

Sasa imani. Alipoulizwa mwaka 1902 kwa nini misa yake haifanani na nyingine, alijibu kwamba alikuwa amesindikiza mazishi kwa kinanda miaka mingi mpaka yote yakamkaa kichwani, akataka kufanya kitu tofauti. Watu walikuwa wanaiita bembelezi ya kifo, naye akasema ndivyo anavyokiona kifo, kama kufunguliwa kwa furaha. Kijana wa Nkuhungu, wewe umelisikia hilo kwa simu na bando la kuungaunga, bila kuambiwa na mtu.

Kwa hiyo aliiacha Dies irae, ule utenzi mrefu wa siku ya ghadhabu ambao watunzi Verdi na Berlioz waliupigia matarumbeta. Akabakiza mstari wake wa mwisho tu, na mstari huo ndio Pie Jesu. Ghadhabu yenyewe inapita haraka ndani ya Libera me, halafu kimya. Mwishoni akaweka In paradisum, ambayo si sehemu ya misa. Ni wimbo wa kumtoa marehemu kanisani kwenda kaburini, malaika wakupeleke paradiso. Aliyeamua hivyo amesimama karibu na majeneza mengi. Paroko wa Rennes na Fauré na sigara zake nawaachia wenyewe wamalizane. Kwaya huimba nota, haiimbi cheti cha ubatizo.

Na ilimba yako ilete. Wimbo wa Wagogo wa kumzika mtu na In paradisum vinaweza kukaa misa moja, sioni tatizo, mradi paroko aombwe mapema.

Kinanda_Nkuhungu

Mwalimu, nimeusoma wote nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Besi nimemtumia, sasa hivi hashikiki.

Nimesikia pia kwamba alikuwa kiziwi kama Beethoven. Ni kweli? Na lile swali la kibodi bado.

Mwalimu_Mstaafu_Mpwapwa

Kweli, na kwake kulikuwa na kero ya ziada. Masikio yalianza kumsumbua karibu na mwaka 1903. Hakupoteza sauti tu, zilimpotokea pia: nota za chini alizisikia zimepanda, za juu zimeshuka, za katikati ndizo zilizobaki mahali pake, nazo kwa mbali. Mkuu wa chuo cha muziki, muziki wenyewe unamfikia umevunjika. Alificha alivyoweza, akakaa kwenye kiti mpaka mwaka 1920, akiwa na miaka 75. Mwaka 1922 taifa likamfanyia heshima kubwa pale Sorbonne, rais wa nchi yupo, wanamuziki wakubwa wanapiga kazi zake, naye ameketi hasikii karibu chochote. Nocturne yake ya 13, yaani wimbo wa piano wa hali ya usiku, ya mwisho, ina tarehe 31 Desemba 1921. Kwateti ya nyuzi, ya vyombo vinne, kazi yake ya mwisho kabisa, aliimaliza mwaka 1924, na tarehe 4 Novemba mwaka huo akafariki. Serikali ikamzika kwa heshima, misa hapo Madeleine, na iliyopigwa ni hii hii ambayo padre alisema haihitajiki.

Haya, kibodi.

Cantique: usianze na zile nota tatutatu za mkono wa kulia. Zikusanye kwanza, ubonyeze kila kundi kwa pamoja, uone mkono unahamia wapi, ndipo uzifungue. Nota ya besi ikikosekana chini ya kibodi, ipandishe oktavu moja, hakuna atakayelia. Kuna watakaokushauri ubonyeze kitufe cha kuhamisha sauti upige doh ni C. Sitakushtaki, lakini jaribu wiki nzima kwenye D flati kwanza. Vitufe vyeusi vinaushika mkono vizuri pale, na utagundua flati tano zilikuwa zinatisha kwa macho tu. Tafuta pedali hata ya kuazima. Bila pedali wimbo huu unakatikakatika.

Pie Jesu kwako ni rahisi mno, kwa hiyo utaharibu kwa kuongeza manjonjo. Chagua sauti ya ogani laini, ondoa mdundo, ondoa violini za umeme, msikilize mwimbaji anavuta pumzi wapi.

Za piano: anza na Romance sans paroles ya tatu, kwenye A flati, ni fupi na ina wimbo unaoshikika. Kisha tafuta mwenzako mpige Berceuse, ya kwanza kwenye Dolly. Mkusanyiko huo ni wa watu wawili kwenye piano moja, alimwandikia binti mdogo wa mwimbaji Emma Bardac, binti aliyeitwa kwa utani Dolly. Kwenye kibodi ya vitufe 61 mtabanana viwiko, mwambie mwenzio aje na kibodi yake. Nocturne ya sita nayo iko D flati, itakuvutia, usiiguse mwaka huu.

La mwisho ni mwendo. Waliomsikia Fauré akisindikiza walisema alikuwa na mapigo yasiyoyumba hata kidogo, na alichukia watu kuburuta. Kwaya zetu za huku kati zikifika mwisho wa wimbo wa huzuni zinaburuta mpaka mshumaa unaisha. Tena Cantique ina utangulizi wa kinanda peke yake kabla besi hawajaingia, kwa hiyo mwendo unaushika wewe. Mwalimu akianza kuupunguza kwa mkono kabla karatasi haijasema, wewe tazama nota zako uendelee.